Kufuta Kijuujuu

Kwa miaka ishirini na mitano Shangazi alikuwa na vitambaa vitatu, na ole wake aliyevichanganya. Cha kwanza kilikuwa cha maji, cha pili kikavu, na cha tatu laini kama shavu la mtoto. Hicho cha tatu kilikuwa cha vioo vya kompyuta peke yake. Alikuwa mfagizi katika ofisi moja ya bima, ghorofa ya pili, na alifika kazini kabla mlinzi hajamaliza kupiga miayo. Alianza na kona. Mtu anayeanza katikati ya meza, alisema, huyo hafuti, huyo anasambaza. Wasichana waliokuja kujifunza kazi kwake waliogopa neno moja tu. Alipitisha kidole chini ya kibodi, akakitazama kile kidole, kisha akasema polepole: "Kijuujuu." Hakuongeza kitu. Wengine walilia kabisa.

Siku aliyostaafu, wenzake waliostaafu pamoja naye walipewa saa za ukutani. Alipofika yeye, meneja alisimama akasema, "Mama yetu huyu amezifuta kompyuta zetu robo karne nzima. Si haki aondoke bila hata moja." Watu wakapiga makofi. Akapewa ile ya meza namba kumi na nne, pana na nzito, iliyokuwa imeshatolewa kazini na kutupwa stoo. Shangazi aliipeleka nyumbani kwa mkokoteni, ameishikilia kwa mikono miwili njia nzima kama anayepeleka mgonjwa.

"Wamekupa mzoga," alisema shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyu watu wote walimwita Mzee wa Kanisa, hata mkewe, na yeye alipenda iwe hivyo.

"Mzoga hauji na waya zake zote, shemeji," alijibu Shangazi. "Pisha mlangoni."

Aliyeipa ile kompyuta kazi alikuwa mumewe, Mungu amrehemu. Alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kutembea nyumba kwa nyumba na daftari kwapani, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina la ubatizo. Aliitwa Besi. Sauti yake ilitoka chini ya sakafu. Akibisha hodi, sufuria za jikoni ndizo zilizotangulia kumwitikia. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa, na mazoezi yao yalirekodiwa kwa kamera ndogo iliyowekwa juu ya kinanda, ili waimbaji wakaone makosa yao wenyewe. Kila Jumamosi Besi alizileta video hizo nyumbani kwenye flashi, akazihifadhi kwenye kompyuta ya Shangazi, akavaa miwani, akazitazama kwa uso wa hakimu.

Katika mojawapo ya video hizo Shangazi mwenyewe anaingia. Besi alikuwa amesahau miwani yake nyumbani, naye akampelekea. Alipofika mlangoni, Besi alikuwa anaimba peke yake kuwaonyesha wenzake sehemu yao. Akamwona. Akakata wimbo katikati, akasema kwa sauti ile ya chini ya sakafu: "Simameni wote! Mkaguzi wa vumbi amefika." Kwaya nzima ikaangua kicheko. Halafu inasikika sauti ya Shangazi, ambaye hata haonekani kwenye picha: "Endelea kuimba wewe, watu wana njaa." Besi anacheka, anaanza upya, anaimba mpaka mwisho.

Basi, ni hayo tu. Miezi miwili baadaye Besi alianguka mchana kweupe mlangoni mwa mtu, kalamu bado iko mkononi. Hakuinuka tena.

Kompyuta ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikaa pale pembeni ya sebule kama mfiwa mwingine. Kanda za kwaya zilizokuwa kanisani zilipotelea mikononi mwa watu, huyu kaazima, yule kasahau, na sidii mbili zilizobaki zilikwaruzika hadi zikawa kama zimechezewa na paka. Hivyo sauti ya Besi ikabaki mahali pamoja tu hapa duniani, napo ni ndani ya ule mzoga.

Mwaka wa nne, tarehe ya kifo chake ilipokaribia, Shangazi alifunua kitambaa akaiwasha. Ilinguruma kama kinu cha kusagia. Ilichukua muda wa kuivisha maharage mpaka ikafunguka, na alipoigusa ile video, picha ikaganda na sauti ikakatikakatika: si, si, si. Shangazi akaizima. Kisha akapiga magoti pale pale mbele ya kompyuta, jambo ambalo angelisikia Mzee wa Kanisa angeitisha kikao.

"Bwana," alisema, "sikuombi umrudishe. Hilo tulishalizungumza mimi na wewe, na hatukuelewana vizuri. Nakuomba dakika kumi tu. Nyingine nitazihangaikia mwenyewe."

Jioni ile ile Mzee wa Kanisa alikuja kupanga sala ya kumkumbuka kaka yake.

"Tarehe inaangukia Jumapili," Shangazi alimwambia. "Mje wote baada ya ibada. Tutasali, kisha Besi ataimba."

"Ataimba nani?"

"Kaka yako. Naitengeneza ile kompyuta. Naiunga na tivii kubwa na zile spika mbili alizoziacha kaka yako, pale ukutani, kama sinema. Kila mtu atakaa, atasikia."

Mzee wa Kanisa aliweka kikombe chini. "Shemeji, aliyelala amelala. Kumwamsha kwa mashine ni kuita mizimu."

"Simwamshi. Alale, amechoka. Mimi nataka sauti yake, na sauti hiyo aliitoa kanisani, mbele ya madhabahu, wewe umesimama mstari wa pili. Mbona hukukimbia siku ile?"

"Siku ile alikuwa hai."

"Na wimbo ulikuwa wa Mungu. Mungu naye amekufa?"

"Usinitoe kwenye mstari. Nikija Jumapili nikakuta kitu hicho kinawaka, nageuka na watu wangu."

"Mlango unaujua," alisema Shangazi, "hujawahi kuupotea."

Kesho yake aliuza kabati la vioo. Hilo kabati lilikuwa maarufu. Wanawake wa mtaa walikuwa wakija kuomba chumvi ili walitazame, na vyombo vilivyokuwemo havikuwahi kuonja mchuzi. Jirani yake alishika kichwa. "Mama, kabati! Sebule itabaki uchi!"

"Kabati ni la kutazamwa," Shangazi alimjibu. "Mimi nimechoka kutazamwa. Nataka kutazama."

Akanunua tivii pana iliyotumika, yenye mstari mmoja mwembamba wa kijani pembeni, akaipachika pale kabati liliposimama. Kilichobaki alikifunga kwenye leso, akaita mkokoteni, akaipeleka kompyuta kwa fundi.

Fundi huyo aliitwa Bisibisi kwa sababu bisibisi ilikuwa haitoki sikioni mwake, hata harusini kwake alipigwa picha akiwa nayo. Mtu wa makamo, mcheshi, mwenye haraka ya kudumu. Kibanda chake kilikuwa kati ya fundi cherehani na fundi wa kuchomelea vyuma, na kuongea humo kulihitaji kifua. Alifungua ubavu wa kompyuta, na ndani kukaonekana vumbi limelala kama blanketi, nene, la kijivu, limeziba hadi feni.

Shangazi alifunika mdomo. Miaka yote ile! Kila asubuhi aliifuta namba kumi na nne, juu, nyuma, chini ya kibodi, na ndani kumbe kulikuwa hivi. Aliona haya kama mtu aliyefumaniwa.

"Ndani sijawahi kufika," alisema. "Walisema ni marufuku kufungua."

"Usijali mama, zote ziko hivi. Sikiliza. Hii imezeeka lakini mifupa yake mizima. Naiwekea diski mpya ya kasi, isiyozunguka, iwake upesi. Naiwekea kadi ya picha ili iongee na tivii kwa waya mmoja. Feni hii ya kelele natoa, naweka pana inayozunguka polepole, usiisikie wimbo ukishuka chini. Halafu kumbukumbu yake ni ndogo. Lazima iongezwe."

"Hata mimi binti yangu ananiambia hivyo hivyo."

Bisibisi akacheka mpaka bisibisi ikadondoka.

"Nitakupa na kibodi ndogo isiyo na waya," aliendelea, "unakaa kwenye kochi lako, unabonyeza kama malkia."

"Nina video za marehemu mzee wangu akiimba. Hizo ndizo ninazozitaka. Jumapili ijayo ziwe kwenye ukuta wangu." Akamkabidhi mfuko wenye waya na zile sidii mbili zilizokwaruzika, labda angeweza kuziokoa nazo. "Na hili vumbi, mwanangu, ulifute. Uanze na kona."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na hakuna hata mmoja aliyelisikia likilia. Bisibisi aliona sidii zina picha ya kwaya juu yake, akaamini video za marehemu ndizo hizo.

Jumatano simu iliita. Shangazi alikuwa uani anaanika, na upande wa pili wa simu chuma kilikuwa kinachomelewa, cheche na kelele.

"Mama! Diski mpya nimeshafunga, inakwenda kama moto! Sasa hii ya zamani imejaa sana!"

"Najua imejaa! Si nimeiona kwa macho yangu!"

"Niifute?"

"Futa, mwanangu!"

"Yote?"

"Yote! Usibakize hata chembe! Na usinifutie kijuujuu!"

"Sawa mama!"

Akarudi kwenye kamba yake ya nguo, moyo mweupe.

Ijumaa alikwenda kuichukua. Bisibisi alikuwa ameiunga na kioo kidogo cha dukani ili amwonyeshe. Aliiwasha, na kabla Shangazi hajakaa vizuri kwenye stuli ilikuwa imefunguka, kimya, na picha kubwa kubwa za kubonyeza: nyimbo, picha, sinema. Ndani mlikuwa mnang'aa. Shangazi alipitisha kidole kwenye kona, akakitazama kile kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa niletee Besi."

"Nani?"

"Mzee wangu. Video zake."

"Ah, zile sidii? Mama, zile zimekufa, nimejaribu mara..."

"Si sidii. Zilizomo humu ndani. Kwenye ile diski ya zamani."

Bisibisi alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kibanda kile kijengwe.

"Mama, ile si uliniambia niifute?"

"Nilikuambia ufute vumbi!"

"Nilikuuliza, hii ya zamani imejaa, niifute? Ukasema futa. Nikauliza yote? Ukasema..."

"Usibakize hata chembe," Shangazi alimalizia.

Futa: neno lile lile lililomlisha maisha yake yote. Alilomlelea binti yake, alilowafundishia wasichana wa watu, na ndilo neno analoliomba kila Jumapili, dhambi zake zifutwe. Sasa lilikuwa limemgeuka na kumchukua mumewe mara ya pili. Bisibisi alidhani atalia, akaanza kutafuta karatasi laini. Lakini Shangazi aliivuta ile stuli karibu na meza ya fundi, akaikalia sawasawa, mkoba mapajani.

"Sitoki hapa," alisema. "Ulichokifuta, kifutue."

"Mama, neno hilo halipo."

"Litakuwepo leo."

Bisibisi alijikuna kichwa. Akaishika ile diski ya zamani, akaigeuza, akaanza kuongea kama anayejiungamia mwenyewe. "Ukweli ni kwamba, siku ile nilikuwa na wateja sita. Kuna kufuta kwa kweli, kunachukua nusu siku, kunapita kila mahali. Na kuna kufuta kwa haraka. Huko ni kama kuchana ule ukurasa wa mbele wa kitabu unaoonyesha nini kiko wapi. Kurasa nyingine zote zinabaki, ila kompyuta inaambiwa kitabu ni kitupu. Madhali sijaandika kitu kingine juu yake..."

"Na wewe ulifuta kupi?"

"Kwa haraka, mama."

"Nilikuambia nini kwenye simu? Nilisema usinifutie vipi?"

Bisibisi aliinamisha kichwa kama wale wasichana wa ofisini. "Kijuujuu."

"Na ukanifutia kijuujuu."

"Kijuujuu sana, mama. Nisamehe."

Shangazi akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka fundi cherehani akachungulia. "Robo karne," alisema, akijishika mbavu, "robo karne nimewafukuza watu kwa sababu ya neno hili. Mungu akubariki kwa uvivu wako, mwanangu. Haya, keti ufanye kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvizia. Programu ya kutafuta vilivyofutwa ilipita kwenye diski polepole, ikiokota kitu kimoja kimoja, na kila kilichookotwa kilirudi bila jina lake, kina namba tu. Vilirudi vya Besi na vya ofisi ya bima pia, kwa kuwa nao walipoitupa stoo walikuwa wameifuta kijuujuu. Barua za madai zikaanza kumwagika kwenye kioo, ajali za watu, magonjwa ya watu. Bisibisi akataka kusoma moja.

"Hizo za watu, pita," Shangazi alimkata. "Nilifagia pale miaka yote sikusoma karatasi ya mtu, sembuse leo."

Jumamosi asubuhi alirudi na vitambaa vyake vitatu. Hakuweza kukaa bure. Wakati programu inatafuta, yeye alikifuta kibanda kizima, rafu, vioo, hadi kengele ya mlangoni, akianza na kona, lakini meza yenye ile diski hakuikaribia hata kwa pumzi. Mchana Mzee wa Kanisa akatokea mlangoni. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Nimesikia, shemeji," alisema kwa upole wa msibani. "Pole. Lakini tusiwe wagumu. Mungu ameufunga huo mlango mwenyewe."

"Aliyefunga ni huyu hapa," Shangazi alimwonyesha Bisibisi. "Muulize kama alipigiwa simu na Mungu."

"Aliyepiga simu ni mimi," Bisibisi alisema, bila kuinua macho.

"Shemeji, unamng'ang'ania nini? Miaka minne! Hata sisi tulimpenda."

"Mlimpenda mkamaliza. Mimi bado." Alikunja kitambaa kikavu mara mbili. "Wewe una sauti yake kichwani? Niambie kweli, mbele ya Mungu wako. Ukifumba macho unaisikia?"

Mzee wa Kanisa akamuaga fundi, hakumuaga yeye, akaondoka.

Mimi, Shangazi aliwaza, nilianza kuisahau mwaka jana. Hilo hakulisema kwa mtu yeyote mpaka baadaye sana. Aliyakumbuka maneno, lakini maneno yalikuwa yanakuja kwa sauti yake mwenyewe, si ya Besi. Ndiyo maana kabati liliuzwa.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Bisibisi alibonyeza namba mia saba thelathini na moja. Kioo kikajaa viboksi vya kijani na zambarau, uso wa mtu umevunjika vipande vipande, huwezi kujua pua iko wapi. Lakini kutoka kwenye kispika kidogo cha mezani ikatoka sauti. Cheche za jirani zikanyamaza, au labda Shangazi aliacha kuzisikia.

"Zima," alisema upesi.

"Mama, siyo yeye?"

"Ndiye. Zima. Kesho, kwenye spika zake."

Jumapili baada ya ibada watu walijaa sebuleni, wengine wamekaa kwenye mikono ya makochi. Pale lilipokuwa kabati, tivii ilikuwa nyeusi na chini yake kompyuta namba kumi na nne, wazi bila kitambaa cha kufuma, taa yake ndogo ya buluu inawaka. Kulia na kushoto zilisimama spika za Besi. Mzee wa Kanisa alisali sala ndefu akiwa amesimama karibu na mlango, na aliposema amina alichukua kofia yake.

Shangazi hakumzuia. Alikaa kwenye kochi lake, kibodi ndogo mapajani, akabonyeza.

Viboksi vya kijani vikajaa ukuta. Na Besi akaimba. Haikuwa sauti ya simu wala ya redio. Ilitoka chini ya sakafu, na jikoni sufuria zikamwitikia. Mtu mmoja alisema, "Yesu wangu." Kisha wimbo ukakatika, na Besi akafoka: "Hapana, hapana! Tena mstari wa pili mmelala! Wewe, mdogo wangu, umefungua mdomo au unapiga miayo?"

Sebule nzima iligeuka kumtazama Mzee wa Kanisa. Alikuwa ameganda, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kofia mkononi.

"Nilikuwa naimba," alisema kwa sauti ya mtoto. "Sikuwa napiga miayo. Nilikuwa naimba, kaka."

"Ingia au toka, shemeji," Shangazi alisema, macho yakiwa ukutani. "Unatuzibia mwanga."

Akaingia. Nafasi ilikuwa moja tu, pembeni mwa Shangazi, akakaa hapo. Besi alianza tena, peke yake, taratibu, akishuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka pale ambapo watu wengine huishiwa. Kisha akakata.

"Simameni wote! Mkaguzi wa vumbi amefika."

Kicheko cha kwaya kikapasuka kwenye spika. "Endelea kuimba wewe," ikasema sauti ya Shangazi wa miaka minne iliyopita, "watu wana njaa."

Machozi yalimtoka Shangazi yakateremka hadi kidevuni, yakadondokea kwenye kibodi. Mzee wa Kanisa alitoa kitambaa chake cha mfukoni, safi, kilichopigwa pasi, akamsogezea.

"Futa, shemeji."

"Sifuti," alisema Shangazi. "Leo sifuti kitu. Ongeza sauti."

Mzee wa Kanisa akaichukua ile kibodi yenye majimaji, akaigeuza huku na huku.

"Nabonyeza wapi?"